Vipimo vya Damu ya Miguuni na Majina Yake: Historia Fupi

UTANGULIZI

Mfasiri wa vitabu vya utabibu akutanapo na sura inayoeleza namna ya kuchunguza miguu ya mgonjwa wa kisukari, hukuta humo mbinu tano au sita, na kila moja ina chombo chake, hesabu yake na mipaka yake. Mara nyingi mbinu hizo zote hufunikwa kwa maneno yale yale: "kupima mzunguko wa damu miguuni". Maneno hayo ni mepesi kusoma na hayana kosa la sarufi. Hata hivyo, kati ya mbinu hizo hakuna hata moja inayopima mzunguko wenyewe. Moja huhisi mpigo, ya pili hupima shinikizo, ya tatu husikiliza mwendo wa damu ndani ya mshipa mmoja, na ya nne hukadiria oksijeni iliyofika kwenye ngozi. Makala haya yanakusudia kufuata historia ya mbinu hizo, kuonyesha ni wapi kila moja inategemeka na ni wapi inapotosha, na kutoa hoja kwamba jina la kipimo hapana budi litaje kile ambacho chombo kinakigusa. Jina likitaja kile ambacho tabibu anatamani kukijua, msomaji atadhani amekwisha kukijua.

Jambo hili haliwahusu wanaisimu peke yao. Tuchukue mfano wa Chimala, katika Wilaya ya Mbarali, mashariki ya jiji la Mbeya. Mji huo mdogo umekaa pale ambapo bonde la Usangu linakutana na safu za milima ya Kipengere. Barabara kuu iendayo Tunduma hupita hapo, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ina stesheni hapo. Hospitali ya misheni ya Chimala imehudumia watu tangu miaka ya 1960. Wanaofika hapo hutoka pande mbili zilizo mbalimbali kwa hali ya hewa. Wengine ni wakulima wa mpunga wa Usangu, ambao hushinda miguu ikiwa ndani ya maji. Wengine huteremka kutoka Matamba na nyanda za Makete, eneo lililokuwa katika Mkoa wa Iringa hadi Mkoa wa Njombe ulipoundwa mwaka 2012. Hawa hushuka kwa barabara mashuhuri ya kona 57, wakiacha nyuma uwanda wa Kitulo ulio yapata mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Mguu uliotoka kwenye baridi na mguu uliotoka shambani si rahisi kupimwa kwa namna moja, kama tutakavyoona. Na mgonjwa akihitaji uchunguzi mkubwa zaidi, hupelekwa Mbeya akiwa na karatasi mkononi. Maneno yaliyoandikwa katika karatasi hiyo ndiyo yatakayomwambia daktari wa pili kama mguu unaweza kungoja au hauwezi.

MSHIPA NA MGUU

Kabla hatujafika kwenye vyombo, yafaa tutazame maneno mawili tuliyorithi. La kwanza ni "mshipa". Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaonyesha wazi jinsi neno hili lilivyokuwa pana: lilitumika kwa njia ya damu itokayo moyoni, kwa njia ya damu irudiyo moyoni, kwa neva, na hata kwa maradhi yaliyodhaniwa kukaa katika mishipa, kama vile ngiri na busha. Upana huo haukuwa na hasara katika mazungumzo ya kawaida. Lakini mgonjwa wa kisukari anaweza kuharibikiwa na njia za damu, au na neva, au na vyote viwili kwa pamoja. Na tiba ya moja si tiba ya nyingine. Taarifa isemayo "mishipa ya mguu imeharibika" haijamwambia msomaji neno lolote la kumsaidia. Ndiyo maana maneno "ateri", "vena" na "neva", ambayo yamekwisha kuzoeleka katika vitabu vya shule, yanastahili kutumiwa bila haya katika maandishi ya hospitali.

Neno la pili ni "mguu". Kiswahili, kama lugha nyingi za Kibantu, huita kwa jina moja kiungo chote tangu pajani hadi vidoleni. Tunayo maneno ya sehemu zake: paja, goti, muundi, shavu la mguu, kifundo, kisigino, wayo. Shinikizo la damu likipimwa kifundoni, jibu lake linahusu ateri zilizo juu ya kifundo na pale kifundoni penyewe. Halisemi lolote juu ya ateri ndogo za wayo na vidole, na huko ndiko vidonda vya kisukari vinakotokea mara nyingi. Anayeandika "damu ya mguu ni nzuri" baada ya kupima kifundoni amepita mpaka wa ushahidi wake kwa sababu lugha ilimruhusu.

KIDOLE CHA TABIBU

Mbinu kongwe kuliko zote ni kugusa mpigo. Waganga wa Kiyunani, wa Kichina na wa Kiarabu waligusa mpigo karne nyingi kabla ya kujulikana kwamba damu inazunguka. Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alieleza jinsi damu inavyopita mapafuni kutoka upande mmoja wa moyo hadi wa pili, kinyume na mafundisho ya Galen. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey alichapisha kitabu kilichothibitisha kwamba damu yote hutoka moyoni na kurudi huko huko. Hapo ndipo neno "mzunguko" lilipopata maana yake ya kitaalamu: safari nzima, kwenda na kurudi. Anayegusa mpigo juu ya wayo anagusa hatua moja tu ya safari hiyo.

Mpigo wa miguuni huguswa mahali pawili: juu ya mgongo wa wayo, na nyuma ya kifundo kwa upande wa ndani. Mbinu hii haina gharama, haihitaji umeme, na kila muuguzi anaweza kufundishwa. Lakini kutegemeka kwake kuna mashaka ya namna tatu. Kwanza, wako watu wenye afya kamili ambao mpigo wa mgongo wa wayo hauguswi kwa sababu ya maumbile yao tu. Pili, watu wawili wakimgusa mgonjwa yule yule, si lazima wapatane. Na mwenye kubonyeza kwa nguvu anaweza kuhisi mapigo ya kidole chake mwenyewe. Tatu, baridi hukaza ateri ndogo, hata mpigo ukafifia. Mgonjwa aliyeteremka Chimala alfajiri kutoka Matamba anaweza kuandikiwa kwamba hana mpigo, ilhali saa moja baadaye, baada ya kupata joto, mpigo unaguswa. Kwa upande mwingine, kuguswa kwa mpigo hakuthibitishi kwamba ateri ni nzima, hasa kwa mwenye kisukari.

KANDA NA ZEBAKI

Mwaka 1896 Mwitalia Scipione Riva-Rocci alitoa chombo cha kuzungushia mkono kanda la mpira, kulijaza hewa na kusoma shinikizo kwa milimita za zebaki. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkoff akaongeza kusikiliza kwa stetoskopu. Hiki ndicho chombo ambacho watu wetu wamekiita "mashine ya presha". Kwa mkono kilifaa sana. Kwa kifundo kilikuwa na shida, kwa kuwa sauti za Korotkoff ni vigumu kusikika hapo.

Mwaka 1950 Mmarekani Travis Winsor alionyesha kwamba shinikizo la kifundoni hupungua likilinganishwa na la mkononi pale ateri za mguu zinapokuwa zimeziba. Wazo hilo lilingoja chombo cha kusikia. Kanuni yake ilikwisha kuelezwa tangu mwaka 1842 na Christian Doppler, mwanafizikia wa Austria: sauti ya kitu kinachokusogelea hupanda, na ya kile kinachokuacha hushuka. Katika miaka ya 1950 Shigeo Satomura huko Japani alianza kuitumia kanuni hiyo, kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika na masikio, kuchunguza mwendo wa moyo na damu. Mwaka 1969 J. S. T. Yao na wenzake huko London walichapisha vipimo vya shinikizo la kifundoni kwa wagonjwa wenye ateri zilizoziba, na tangu hapo mbinu hiyo ikaenea.

Hesabu yake ni rahisi. Shinikizo la juu la kifundoni hugawanywa kwa shinikizo la juu la mkononi. Mtu mwenye 126 kifundoni na 120 mkononi ana 1.05. Mwenye 91 kifundoni na 130 mkononi ana 0.70. Jibu la 0.90 au chini yake huhesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa wa ateri; kati ya 1.00 na 1.40 ni kawaida, likizidi 1.40, ateri ni ngumu na haibonyezeki.

Hesabu nyepesi haimaanishi kipimo chepesi. Kifundoni kuna ateri mbili za kupima. Tuseme moja imetoa 80 na nyingine 110, na mkono umetoa 120. Anayetumia iliyo kubwa atapata 0.92 na kuandika kwamba hakuna dalili ya wazi ya ugonjwa. Anayetumia iliyo ndogo atapata 0.67 na kuandika kwamba ugonjwa upo. Wote wawili wamepima mguu mmoja siku moja, na hakuna aliyekosea kugawanya. Maelekezo ya Chama cha Moyo cha Marekani ya mwaka 2012 yalishauri kutumia iliyo kubwa kwa kutambua ugonjwa. Aidha, mgonjwa sharti alale na kupumzika kwa dakika kadhaa kabla ya kupimwa, kwa sababu kutembea huteremsha shinikizo la kifundoni kwa mwenye ateri zilizoziba. Aliyefika kwa miguu na kupimwa papo hapo atapata jibu ambalo halilingani na la wiki iliyopita. Hata masharti yakitimizwa, tofauti isiyozidi 0.15 kati ya vipimo viwili haichukuliwi kuwa ushahidi wa mabadiliko ya kweli.

UDANGANYIFU WA ATERI NGUMU

Mwaka 1903 Mjerumani Johann Georg Mönckeberg alieleza hali ambapo chokaa hujijenga katika ukuta wa kati wa ateri. Ukuta huwa mgumu kama bomba, ingawa njia ya ndani inaweza kuwa wazi au imeziba. Hali hii huwapata sana wagonjwa wa kisukari wa miaka mingi na wale wenye maradhi ya figo. Kanda likijazwa hewa, haliwezi kuibana ateri ya namna hiyo mpaka shinikizo liwe kubwa mno. Namba inayosomwa basi ni ya ugumu wa ukuta pamoja na shinikizo la damu, vikiwa vimechanganyika.

Jibu la 1.50 halina hatari kubwa, kwa kuwa humshtua tabibu. Hatari imo katika jibu la kati. Tuseme mgonjwa ana 140 mkononi, na shinikizo la kweli la kifundoni ni 90. Uwiano wake wa haki ni 0.64. Lakini kwa ugumu wa ateri, kanda linasoma 140, na jibu linakuwa 1.00. Kipimo kikirudiwa mara tatu kitatoa 1.00 mara tatu. Hapa tunaona tofauti ambayo neno "kuaminika" huificha. Kipimo hiki kina uthabiti, maana hurudia jibu lake. Hakina usahihi, maana jibu lenyewe si la kweli. Shahidi anayeshikilia kauli moja anaweza kuwa anashikilia uongo. Vitabu vingi vya utafiti vimekwisha kutenganisha dhana hizi kwa maneno "uthabiti" na "uhalali". Neno "uhalali" lina harufu ya sheria na dini, na kwa vipimo vya mwili "usahihi" hueleweka upesi zaidi. Lakini lolote litakaloshikwa, yafaa yawe maneno mawili.

KIDOLE GUMBA, NGOZI NA RANGI

Kwa sababu ateri za vidole hazipatwi sana na ugumu huo, wataalamu walishuka chini zaidi. Kanda dogo huvishwa kidole gumba cha mguu, na kifaa cha mwanga huonyesha wakati damu inaporudi kidoleni. Shinikizo la kidoleni kwa kawaida ni dogo kuliko la mkononi, hivyo mpaka wake ni mwingine: uwiano ulio chini ya 0.70 hutiliwa mashaka. Shinikizo la kidoleni likiwa chini ya milimita 30 za zebaki, mgonjwa mwenye kidonda huhitaji kuangaliwa haraka na wataalamu wa ateri. Mbinu hii nayo ina masharti: kidole kiwepo, kisiwe na kidonda mahali pa kanda, na wayo usiwe wa baridi.

Mbinu nyingine hupasha ngozi joto la yapata nyuzi 44 na kukadiria oksijeni inayopenya. Hiyo hupima kilichofika mwisho wa safari, lakini uvimbe na maambukizo huvuruga jibu lake. Haifai kuchanganywa na kile kibanio cha kidoleni kilichoenea hospitalini wakati wa janga la UVIKO-19 tangu mwaka 2020. Kibanio hupima ni sehemu gani ya damu iliyopo imebeba oksijeni. Hakisemi damu hiyo ni nyingi au kidogo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha pia kwamba kwa wagonjwa weusi vibanio hivyo vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni mara nyingi zaidi kuliko kwa wazungu, kwa kiasi cha karibu mara tatu.

Suala la rangi linamhusu mfasiri moja kwa moja. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya humwagiza tabibu aangalie kama mguu umekuwa mweupe, mwekundu au wa buluu. Ukifasiri maagizo hayo neno kwa neno, umempa muuguzi wa Mbarali kipimo kisichosomeka katika ngozi nyingi atakazoziona. Yafaa mfasiri ashauriane na mtaalamu ili maandishi yamwelekeze msomaji pale panapoonekana, kama kwenye unyayo na chini ya kucha, na yamkumbushe kulinganisha mguu na mwenziwe kwa rangi na kwa joto.

GANZI SI UPUNGUFU WA DAMU

Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vijiji vya Tanzania, wakaona kwamba wenye kisukari hawakufika mtu 1 katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikadiria asilimia 9.1 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Mbinu za chunguzi hizo mbili hazikuwa sawa, lakini mwelekeo hauna ubishi. Katika kipindi hicho Zulfiqarali Abbas na wenzake walijenga huduma ya miguu ya wagonjwa wa kisukari jijini Dar es Salaam, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania iliingia katika mpango wa Hatua kwa Hatua wa kuwafundisha madaktari na wauguzi utunzaji wa miguu. Maandishi yao yalionyesha kwamba hapa kwetu vidonda vingi vilianzia kwenye neva zilizokufa ganzi na kuharibiwa na maambukizo, ingawa kuziba kwa ateri nako kulikuwa kukiongezeka.

Lugha ya watu inakwenda kinyume na ushahidi huo. Mtu ambaye unyayo wake umekufa ganzi, au unawaka moto usiku, husema kwamba "damu haitembei". Huenda mpigo wake ni mzuri na wayo wake una joto. Kilichoharibika ni neva. Akiamini kwamba shida ni damu, atatafuta cha kuiendesha: atakanda miguu kwa maji ya moto asiyoyahisi, na kuungua. Kinyume chake kinatokea pia. Mwenye ateri zilizoziba kwa kawaida angepata maumivu ya shavu la mguu akitembea, yakatulia akipumzika. Lakini ganzi huyaficha maumivu hayo, na ugonjwa hukua kimya kimya.

MAPENDEKEZO

Kutokana na historia hii tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa wafasiri, walimu na watengenezaji wa fomu:

(a) "Mzunguko wa damu" libaki kuwa jina la safari nzima ya damu, lisitumike kama jina la kipimo chochote cha mguu.
(b) "Mpigo wa wayo" na "mpigo wa kifundo" yatajwe mbalimbali, pamoja na upande wa mguu, na iandikwe "umeguswa" au "haukuguswa". Neno "haupo" hudai zaidi ya kidole kinavyojua.
(c) "Uwiano wa shinikizo la kifundo na mkono" liwe jina la hesabu iliyoelezwa hapo juu. Wapo wanaopendelea "fahirisi". Lakini "uwiano" humwambia msomaji kwamba namba mbili zimegawanywa, na hivyo atauliza ni zipi.
(d) "Uwiano wa shinikizo la kidole na mkono" lisifupishwe likafanana na la kwanza, kwa kuwa mipaka yao ni tofauti.
(e) "Ateri isiyobonyezeka" litumike pale jibu linapozidi 1.40, badala ya "presha kubwa ya mguu", ambalo humpotosha mgonjwa.
(f) "Ganzi" na "upungufu wa damu wayoni" yawe na visanduku viwili katika fomu, kila kimoja na kipimo chake.

HITIMISHO

Mwongozo wa kimataifa wa miguu ya wagonjwa wa kisukari uliotolewa mwaka 2023 hautegemei kipimo kimoja. Unataka mpigo uguswe, mawimbi ya ateri yasikilizwe, shinikizo la kifundo na la kidole lipimwe, na majibu yasomwe kwa pamoja. Mpangilio huo unawezekana tu kama kila jibu limeandikwa kwa jina lake. Mahali ambapo vyombo vyote vipo, jina baya huleta usumbufu. Mahali ambapo kuna vidole vya muuguzi na kanda la presha tu, jina baya linaweza kuleta kukatwa kwa mguu, kwa maana hakuna kipimo cha pili cha kulisahihisha.

Anayeandika katika karatasi ya rufaa kwamba "mpigo wa wayo wa kushoto haukuguswa, mgonjwa alikuwa na baridi, kifundo hakikupimwa" ametumia maneno machache, wala hakuhitaji chombo kipya. Daktari wa Mbeya atakayeipokea atajua kilichofanyika, ambacho hakikufanyika, na pa kuanzia.